Land Rover ya Babu Inarudi Nyumbani: Pesa Itoke kwa Mpango, Jina Liingie kwa Logbook

Katika familia nyingi za Bobasi kuna gari ambalo wajukuu hawakuwahi kulipanda, lakini wanalijua vizuri. Wanajua lilikuwa la rangi gani, lilikwama kwa tope mwaka gani, na ni nani aliyekimbizwa nalo hospitalini Kisii usiku wa manane. Mara nyingi gari hilo ni Land Rover, na mara nyingi hadithi huishia pale pale: mzee aliliuza.

Siku hizi hadithi inaendelea. Mjukuu anapita soko fulani, anaona bodi anayoitambua kutoka kwa picha ya ukutani, anatoa simu na kupiga picha. Picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kabla ya jioni mtu ameandika, "Lazima turudishe hiyo gari ya sokoro," yaani ya babu. Mwingine anajibu, "Mimi niko ndani. Tunatuma kwa namba gani?"

Hilo swali la mwisho ndilo linalotuhusu sisi. Kutuma pesa ni kazi ya sekunde chache. Kulifanya gari la zamani liwe lenu tena ni kazi ya miezi, na kati ya mambo hayo mawili ndipo pesa nyingi hupotea na ndugu hukosana. Kwa hivyo shikeni neno moja katika makala haya: ujumbe wa simu unathibitisha kwamba pesa imetoka, hauthibitishi kwamba gari limeingia. Gari huingia siku jina linapobadilika kwenye rekodi za NTSA.

Ili tueleweke, tutatumia familia ya mfano. Tuseme wanatoka Nyacheki, Kaunti ya Kisii. Babu yao alinunua Land Rover miaka ya 1970. Mwaka wa 1986 aliiuza kwa mtu wa Kilgoris, ng'ambo ya mpaka katika Kaunti ya Narok, apate karo ya watoto. Babu ameshafariki. Aliyenunua pia ameshafariki, na gari liko kwa boma lake, chini ya mti. Mwanawe mkubwa anasema yuko tayari kuliuza kwa shilingi 280,000. Nyanya bado yuko hai, na familia ingependa alione gari hilo uani kwake tena. Si familia ya kweli na bei si ya soko, lakini kila tatizo tutakalolitaja ni la kweli.

Kwa nini bado lipo baada ya miaka yote hii

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Wakati huo, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Alumini haili kutu kama chuma. Ndiyo maana leo unaweza kukuta Land Rover ya miaka 50 imesimama kwenye nyasi, kuku wanalala ndani, na milango bado inafunga.

Magari haya hayakuja Kenya kwa meli tu. Miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland mjini Thika kilianza kuyaunganisha hapa hapa nchini. Polisi, wamisheni na maafisa wa serikali waliyatumia. Huku Gusii, kwenye milima, mvua nyingi na udongo unaoteleza, mwenye Land Rover alibeba kila kitu: mazao, wagonjwa, bibi harusi na majeneza. Kwa hiyo familia ikisema inataka gari la babu, si chuma inachokitaka. Inataka jina la mzee lionekane tena barabarani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anayenunua gari la kawaida huuliza maswali mengi, na bei isipomridhisha anaenda zake. Mtu anayerudisha gari la babu haendi popote, na muuzaji anajua. Mkiingia kwenye mazungumzo mkisema "lazima", mmeshapandisha bei na mmeshaacha kuuliza maswali.

Hatua ya kwanza: jina la nani liko kwenye logbook?

Kabla ya kutuma hata shilingi 1,000 ya kuonyesha nia, fanyeni upekuzi wa gari kwa kutumia nambari yake ya usajili. Huduma hii iko kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, na ada yake huonyeshwa kabla ya kulipa. Ada za serikali kwenye eCitizen hulipwa kwa Paybill 222222. Mtu akikuambia utume ada ya NTSA kwa nambari yake binafsi "akusaidie kuharakisha", hiyo si ada ya NTSA.

Kama gari ni la kabla ya 1989, lina namba ya zamani isiyo na herufi mwishoni. Huenda rekodi zake zilibaki kwenye karatasi na hazionekani kwenye mfumo. Hilo lisiwavunje moyo, lakini pia lisiwe sababu ya kuruka hatua hii. Nendeni ofisi ya NTSA mkiwa na nambari ya usajili na nambari ya chasisi, muulize faili linasema nini.

Majibu yanaweza kuwa ya aina tatu:

1. Jina ni la muuzaji aliye mbele yenu. Hii ndiyo njia fupi. Yeye anaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nyinyi mnaukubali kwenye akaunti yenu na kulipa ada. Kila upande uwe na akaunti ya eCitizen na PIN ya KRA.

2. Jina ni la marehemu aliyelinunua. Hapo mwana anayewauzia si mmiliki peke yake. Kuna mama yake, ndugu zake, na pengine nyumba ya pili. Mkimlipa yeye tu, kesho mdogo wake atakuja akisema gari la baba liliuzwa kama kuku.

3. Jina bado ni la babu yenu. Hili linashangaza wengi, lakini zamani lilikuwa jambo la kawaida. Watu waliuziana gari kwa pesa mkononi au kwa ng'ombe, wakapeana funguo na logbook, na hakuna aliyefunga safari kwenda kubadilisha jina. M-PESA ilianza Machi 2007. Mwaka wa 1986 hakukuwa na SMS ya kuonyesha nani alimlipa nani.

Tuseme familia yetu ya Nyacheki imepata jibu la tatu. Jina la babu liko pale pale, kana kwamba hakuwahi kuuza.

"Basi ni letu tayari, tukalichukue!"

Kuna binamu mmoja atakayeandika hivyo kwenye kundi. Tunamjibu kwa heshima: hapana.

Ni kweli kwamba Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inamchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mmiliki. Lakini kifungu hicho hicho kinasema hivyo ni mpaka ithibitishwe vinginevyo. Familia ya Kilgoris inaweza kuwa na barua ya mauzo, shahidi mzee, au ushahidi kwamba imekaa na gari kwa karibu miaka 40 bila mtu kulidai. Na kuna jambo ambalo halimo kwenye sheria: babu alipokea pesa, na pesa hiyo ikasomesha watoto. Wajukuu wanaotaka kulichukua gari bure wanataka kumfanya babu kuwa mtu aliyeuza kitu na akakinyakua. Hilo silo jina mlilotaka kulirudisha.

Kosa la upande wa pili ni kusema, "Tulipe tu, karatasi zitafuata." Mkilipa 280,000 leo, mna gari ambalo mmiliki wake kwenye rekodi ni marehemu. Marehemu hawezi kuingia eCitizen akabonyeza "kubali". Tena, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kugawa au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na kufanya hivyo ni kosa. Kwa hivyo hata nyanya, pamoja na heshima yake yote, hawezi kusaini tu karatasi akasema gari liende kwa nani.

Njia iliyonyooka ni ndefu zaidi, lakini inafika:

- Familia yenu inapata barua ya chifu inayoorodhesha warithi wa babu.
- Warithi wanakubaliana ni nani atakayeomba mahakamani usimamizi wa mirathi. Ombi hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na anayepinga hupewa siku 30.
- Baada ya hati ya usimamizi kutolewa, kwa kawaida huchukua miezi 6 kabla ya kuomba ithibitishwe. Hati iliyothibitishwa ndiyo inayosema nani anapata nini, na ndiyo NTSA itakayoitaka ili kubadilisha jina.
- Wakati huo huo, familia ya Kilgoris inasaini makubaliano: kwamba mzee wao alinunua gari mwaka fulani, kwamba wao wote kama warithi wake wanalirudisha kwa malipo ya kiasi fulani, na kwamba hawatadai tena.

Tafuteni wakili kwa haya mawili ya mwisho. Ada yake mtaiona kubwa leo, lakini kesi ya ndugu wa muuzaji itakuwa kubwa zaidi. Na kama babu yenu ana shamba ambalo bado lina jina lake, mirathi hiyo hiyo italigusa. Zungumzeni kuhusu shamba waziwazi kabla ya kufungua faili kwa sababu ya gari. Familia nyingine zimeanza na Land Rover zikajikuta mahakamani juu ya mipaka ya chai.

Hatua ya pili: kuchanga bila kukosana

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Familia huona haya kuandika daftari kati yao, kana kwamba ni kuonyesha kutoaminiana. Ukweli ni kinyume. Daftari linamlinda mhazini kuliko mtu mwingine yeyote.

Anzeni na hesabu nzima, si bei ya gari tu. Kwa familia yetu ya mfano:

- Gari: 280,000
- Kulisafirisha juu ya lori hadi Nyacheki: 20,000
- Mirathi, wakili na ada za uhamisho: 60,000
- Gereji, awamu ya kwanza: 90,000
- Jumla: 450,000

Wakiwa watu 15, kila mmoja akitoa 3,000 kwa mwezi, watamaliza kwa miezi 10. Miezi hiyo haipotei bure, kwani mirathi nayo inatembea. Anayeuza chai kwa kiwanda anaweza kusema atalipa kwa mkupuo bonasi ikija, na aliye ng'ambo anaweza kuchukua nafasi ya wawili. Muhimu ni kila mtu aseme mapema, na iandikwe. Mkikubaliana kwamba dada asiye na kazi atatoa 500, asiandikwe kama mwenye deni la 2,500.

Sasa kuhusu simu yenyewe:

Tumieni laini au akaunti ya kazi hii peke yake. Pesa za gari zikiingia kwenye laini ambayo mhazini hulipia stima na kununua unga, baada ya miezi miwili hata yeye hatajua kilicho cha nani. Akaunti ya kikundi inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha malipo ni bora zaidi.

Angalieni Fuliza. Laini ya M-PESA ikiwa na deni la Fuliza, pesa inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Shangazi anatuma 3,000 za gari, 1,800 zinaenda kulipa deni la mhazini, na hakuna aliyeiba. Lakini jaribu kulieleza hilo kwenye kundi la watu 15. Laini ya mchango isiwe na Fuliza kabisa, na mtu asichange kwa Fuliza. Gari la babu si dharura.

Jueni viwango. Kwenye M-PESA huwezi kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, na akaunti haiwezi kushika zaidi ya 500,000. Mchango ukikaribia hapo, au kama mnataka pesa ikae mahali ambapo haishawishi mtu, ihamisheni benki.

Kwa aliye ng'ambo, hesabuni shilingi zilizofika. Ndugu aliye Qatar au Marekani akituma, kuna ada na kiwango cha kubadilisha fedha. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba kinachoandikwa ni kilichoingia, ama atume na cha juu kufidia ada.

Toeni taarifa kila mwisho wa mwezi. Mhazini anaweza kuomba taarifa ya akaunti kupitia *334# au programu ya simu. Aitume kwenye kundi kama ilivyo. Picha za skrini za ujumbe mmoja mmoja hazitoshi, kwa sababu zinaonyesha kilichoingia na zinanyamaza juu ya kilichotoka.

Andikeni kanuni ya kurudisha. Muuzaji akibadili nia, au mahakama ikichelewa, pesa inarudi kwa nani, na lini? Familia zinazopanga jinsi ya kununua ni nyingi. Zinazopanga jinsi ya kurudishiana ni chache, na hizo ndizo zinazobaki zikisalimiana.

Hatua ya tatu: kumlipa muuzaji kwa awamu

Usilipe kwa sababu muuzaji amepiga simu. Lipa kwa sababu kitu kimefanyika. Familia yetu ya mfano inaweza kugawa 280,000 hivi:

- 28,000 makubaliano yakisainiwa na warithi wote wa Kilgoris mbele ya wakili.
- 112,000 gari likikabidhiwa na kupakiwa kwenye lori, pamoja na logbook ya zamani na funguo.
- 140,000 jina likibadilika kwenye rekodi za NTSA, kwa vile gari linahitaji hati ya mirathi iliyothibitishwa.

Nusu ya mwisho ndiyo nguvu yenu. Muuzaji aliyelipwa yote hana sababu ya kusafiri kuja kusaini karatasi iliyokosewa. Lakini haki iende pande zote: yeye naye hana sababu ya kuwapa gari akibaki na ahadi tupu. Kama hawaamini, awamu ya mwisho ikae kwa wakili tangu siku ya kukabidhi, na makubaliano yaseme ataitoa lini.

Siku ya kutuma, fanya hivi:

1. Tuma kwa nambari iliyoandikwa kwenye makubaliano, si iliyokuja kwa SMS asubuhi hiyo. "Ile yangu imeharibika, tuma kwa hii ya bibi yangu" ni maneno ya kukufanya usimame, si ya kukufanya uharakishe.
2. Kabla hujathibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu. Liwe lile lile lililo kwenye kitambulisho na kwenye makubaliano. Kama halilingani, usiendelee.
3. Mkubaliane mapema kuhusu "tuma na ya kutoa". Muuzaji wa 112,000 anaweza kudai mkono umepungua kwa sababu hukuweka ada ya kutoa. Mstari mmoja kwenye makubaliano unamaliza ubishi huo.
4. Nakili kodi ya muamala, zile herufi na tarakimu 10 mwanzoni mwa ujumbe, kwenye nakala zote mbili za makubaliano. Muuzaji asaini kando yake.
5. Usifute ujumbe. Na ukifutika, taarifa ya akaunti bado itaonyesha muamala huo.

Hivyo ndivyo malipo ya 2026 yanavyotofautiana na ya 1986. Babu alipewa pesa chini ya mti, na leo hakuna anayejua ilikuwa ngapi. Wajukuu wenu hawatahitaji kukisia.

Wakora wanaopenda magari ya zamani

Gari lenye hadithi huvutia watu wenye hadithi. Jihadharini na hawa:

*Mwenye haraka.* "Kuna Mzungu Nairobi anaitaka kesho, tuma 20,000 nikushikie." Gari limekaa chini ya mti miaka mingi. Litakaa wiki nyingine mkifanya upekuzi.

*Mwenye picha.* Ana picha za gari kutoka pande zote lakini hataki mje mlione. Hakuna kulipa gari ambalo mmoja wenu hajaligusa.

*Aliyetuma kwa makosa.* Mchango ukijulikana, mhazini ataanza kupata ujumbe kwamba amepokea 6,500, kisha simu ya mtu anayelia akiomba arudishiwe. Mhazini aangalie salio lake, si ujumbe. Kama kweli pesa imeingia, mwenyewe afuate utaratibu wa kampuni ya simu. Mhazini asitume kitu kwa mkono wake.

*Mhudumu wa uongo.* Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya pesa za simu anayehitaji PIN yako. Hakuna. Ujumbe wa ulaghai kwenye Safaricom unaweza kuupeleka 333 bila malipo.

Na kama umetuma kwa nambari isiyo yake kwa kukosea tarakimu, peleka ujumbe wote wa M-PESA kwa 456 papo hapo, kabla aliyepokea hajaitoa. Lakini huduma ya kurudisha pesa ni ya makosa ya kutuma. Si dawa ya mkataba mbaya. Ukimlipa kwa hiari mtu asiye mmiliki, hilo ni jambo la polisi na mahakama.

Gari lenyewe: msidanganywe na bodi

Tulisema bodi ni alumini. Chasisi si alumini. Ni chuma, na gari lililolala kwenye nyasi zenye unyevu huliwa kutoka chini. Mpelekeni fundi anayejua Land Rover alale chini yake akigonga chasisi na nyundo, kabla ya kusaini chochote.

Kisha alinganishe nambari. Ile ya chasisi iwe sawa na ya logbook. Kwenye Land Rover za zamani mara nyingi imegongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia karibu na springi, si kwenye kibati peke yake. Kibati hutoka kwa skrubu mbili. Nambari ya injini nayo itazamwe, kwani wengi waling'oa injini ya asili wakaweka ya Toyota au Isuzu ili kupunguza mafuta. Si dhambi, lakini mabadiliko hayo yanatakiwa kuwa kwenye rekodi. Kama hayapo, hiyo ni kazi nyingine na ada nyingine, na bei ishuke.

Kwenye ukarabati, tenganisheni pesa ya spea na pesa ya kazi. Spea zikitoka Kirinyaga Road Nairobi, lipeni duka moja kwa moja kwa Till yake, risiti ije kwa kundi, na mzigo utumwe. Fundi alipwe kazi yake kwa hatua: breki zikikamilika, injini ikiwaka, umeme ukifanya kazi. Fundi mzuri hukubali mpango huu, kwa sababu unamlinda yeye pia na wateja wa "nitakutumia jioni".

Na gari lisiguse barabara bila bima. Bima ya watu wengine ni ya lazima kisheria. Vile vile, Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililobadilisha mmiliki kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajaandikishwa. Ndiyo sababu tuliweka pesa ya lori kwenye hesabu. Kutoka Kilgoris hadi Nyacheki si mbali, na hamu ya kuliendesha itakuwa kubwa. Lipakieni.

Likishafika, ni la nani?

Watu 15 wamechanga. Hati ya mirathi inataja jina, na logbook itafuata hati. Mkichagua jina la mmoja, tuseme mjukuu mkubwa anayeishi nyumbani, andikeni makubaliano yanayosema wazi kwamba analishika kwa niaba ya waliochanga, kila mmoja alitoa kiasi gani, na kwamba haliwezi kuuzwa wala kuwekwa dhamana ya mkopo bila ridhaa ya idadi mtakayokubaliana. Mikopo ya logbook ni rahisi kupata. Gari la ukoo lisije likaenda kwa mnada kwa sababu ya deni la mtu mmoja.

Amueni pia mambo madogo, maana ndiyo yanayochoma. Nani ana funguo? Likiombwa kwa mazishi, mafuta ni ya nani? Bima ya mwaka ujao itatoka wapi? Hata mchango wa 300 kwa mwezi kila mtu, ukiendelea kwenye ile ile akaunti, unaingiza 54,000 kwa mwaka kwa watu 15. Hiyo ndiyo inayolifanya gari litembee badala ya kurudi chini ya mti mwingine.

Kwa ufupi, kabla ya kutuma:

- Upekuzi umefanyika na jina linajulikana.
- Warithi wa pande zote mbili wamesaini, si msemaji wao tu.
- Fundi amegonga chasisi na nambari zimelingana.
- Mchango una laini yake, daftari lake na kanuni ya kurudisha.
- Malipo yamegawanywa, na sehemu kubwa inasubiri uhamisho.
- Jina linalotokea kwenye simu ni lile lililo kwenye makubaliano.

Kama kuna jambo moja hapa hamjalikamilisha, pesa ibaki kwenye akaunti. Mwambieni nyanya gari limeonekana na mipango inaendelea; amelisubiri tangu 1986, na angependa kulipokea mara moja tu.

Mkiwa na swali kuhusu viwango vya kutuma, akaunti za kikundi au taarifa ya akaunti, wahudumu wetu wako tayari kuwasaidia. Na ukiona kwenye kundi lenu ule ujumbe wa "Tunatuma kwa namba gani?", watumie makala haya kwanza.